Siku moja kando ya Mto Umba: ndoano, kambare na samaki wa kesho

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, ukungu mwembamba bado umelala juu ya maji ya Mto Umba, mwendo mfupi kutoka mji wa Lunga Lunga. Barabarani malori yanayoelekea kituo cha mpakani yameanza kunguruma, lakini huku chini mtoni sauti kubwa ni ya ndege na ya maji yanayopita kwenye mizizi. Tayari kuna watu. Mzee mmoja amekaa juu ya jiwe na mwanzi wake mrefu, vijana wawili wameegesha bodaboda kwenye kivuli cha mwembe, na mvulana wa shule anachimba nyungunyungu kwa jembe lililokatika mpini.

Wakazi wengi wa Lunga Lunga wana kisa cha mto huu. Kuna aliyelelewa kwa samaki wake, kuna aliyejifunzia kuogelea humo, na kuna aliyepoteza shamba lake ulipofurika. Siku za hivi karibuni, hata hivyo, ukikaa na wavuvi wa ndoano utasikia lalamiko moja linarudiwa: samaki ni wadogo na ni wachache, na wavuvi wanazidi kuongezeka. Jarida hili lilishinda kutwa nzima mtoni ili kuwaeleza wasomaji jinsi uvuvi huu unavyofanyika, samaki gani wanaishi humo, sheria inasema nini, na kila mmoja wetu anaweza kufanya nini ili mto usibaki maji matupu.

Mto unatoka mbali

Mto Umba huanzia kwenye msitu wa Shagayu katika milima ya Usambara Magharibi, nchini Tanzania, kwenye mwinuko wa takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kutoka huko husafiri karibu kilomita 200. Huteremka milimani, hupita nyika kavu jirani na Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi, kisha huingia upande wetu na kumwaga maji yake katika Bahari ya Hindi karibu na Vanga. Wafanyabiashara wa vito duniani hulijua jina la Umba kwa sababu ya yakuti zinazochimbwa katika bonde lake upande wa Tanzania. Sisi wa Kwale tunalijua kwa maji, mpunga na samaki.

Safari hiyo ndefu ina maana kwa mvuvi. Mvua ikinyesha Usambara, maji yanaweza kupanda hapa Lunga Lunga hata kama mbingu yetu ni nyeupe. Mti ukikatwa kule juu, udongo unaoporomoka unatufikia sisi, maji yanageuka rangi ya chai ya maziwa, na mayai ya samaki yanafunikwa na tope. Samaki nao hawajui mpaka. Kambare anayekwepa ndoano upande wa Kenya asubuhi anaweza kuwa Tanzania jioni bila ya kuonyesha kitambulisho.

Uvuvi wa mtoni pia una msimu wake. Kuanzia Aprili upepo wa kusi ukikaza, bahari huchafuka na wenye vyombo vidogo kule Vanga na Jimbo hupunguza safari za baharini. Hapo ndipo samaki wa mto anapopanda thamani. Ila miezi hiyo ya mwanzo wa kusi ndiyo ya masika, na masika ndiyo wakati samaki wengi wa mto wanapozaana. Mtu anamhitaji samaki wakati uleule samaki anapohitaji kuachwa. Karibu ugumu wote wa mto huu unaanzia hapo.

Vifaa: mwanzi, mshipi na subira

Kwa kuangalia vifaa, uvuvi wa ndoano ni wa gharama ndogo kuliko wote. Unahitaji mwanzi mkavu wenye urefu wa mita tatu au nne, mshipi wa nailoni, ndoano, chubwi ya kuzamisha chambo na kiboya cha kukuonyesha samaki anapogusa. Wengi hawanunui chubwi. Hutumia nati ya baiskeli au kipande cha risasi ya betri, na hili la pili tunawasihi waliache, kwa maana risasi ni sumu kwa watu na kwa viumbe vya majini. Kijiwe kilichofungwa vizuri kinafanya kazi ileile. Kiboya nacho kinaweza kuwa kipande cha kandambili iliyochakaa.

Chambo ndicho kinachoamua utampata nani. Kambare hutafuta chakula kwa harufu na kwa kugusa kwa sharubu zake, hivyo hupenda vitu vyenye harufu kali: utumbo wa kuku, dagaa waliolowekwa, nyungunyungu. Ngege, ambaye wengi sasa humwita tilapia na ng'ambo ya mpaka huitwa perege, huchukua donge dogo la sima, nyungunyungu mwembamba au, mvua za kwanza zinapoanguka, kumbikumbi. Mzee wa kwenye jiwe hukanda sima yake na pumba kidogo ili isimumunyike upesi. Donge lake halizidi punje ya mbaazi. Alituonyesha sababu: mdomo wa ngege ni mdogo, na donge kubwa humlisha tu bila ya kumnasa.

Mbali na ndoano, kuna njia nyingine za jadi ambazo wakazi wa bonde hili wanazifahamu: mgono uliosukwa kwa vijiti, ambao samaki huingia asijue pa kutokea, na kimia kinachorushwa kwa mkono. Njia hizi humwezesha mvuvi kuchagua. Samaki hubaki hai, naye huamua nani aende kapuni na nani arudi majini.

Kutoka alfajiri hadi jioni

Saa za kwanza baada ya mapambazuko ndizo bora. Maji bado yana ubaridi, jua halijawa kali, na ngege hukaribia kingo kutafuta chakula. Kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa mbili na nusu mzee alipata ngege wanne. Vijana wa bodaboda walipata mmoja tu, kisha wakaondoka kutafuta abiria. Mvulana wa shule alipata samaki wadogo wawili wenye magamba ya kung'aa, urefu wa kidole, akawaweka kwenye kopo la rangi na kuwaangalia kama mtu aliyepata dhahabu.

Saa tatu jua likapanda, viboya vikatulia. Huo ni wakati wa mahamri na chai ya mkandaa, na wa mazungumzo. Samaki husogea kwenye maji ya kina na chini ya vivuli vya miti. Mvuvi mzoefu huhama naye: huacha maji ya wazi, akatafuta pale ambapo mti umeangukia mtoni au ambapo mkondo unazunguka na kutulia. Adhuhuri wengi hurudi nyumbani.

Kuanzia saa kumi alasiri mto huamka tena. Jua likishazama ni zamu ya kambare, kwani yeye hutembea zaidi gizani. Kwa sababu tutakazozieleza chini, hatumshauri mtu yeyote kumfuata huko.

Jambo lililotufanya tuandike makala haya kwa namna hii lilitokea kabla ya saa tatu. Ngege wa nne wa mzee alikuwa mkubwa kuliko wote, upana wa kiganja na nusu, mlo wa watu watatu. Alipomtoa majini, yule samaki alifungua kinywa na vitu vya rangi ya manjano, vidogo kama ulezi, vikamwagika mchangani. Mvulana alidhani ni chakula alichotapika. Mzee akamwambia hapana mjukuu wangu, hao ni watoto. Akakaa kimya kidogo akimtazama samaki, kisha akamteremsha taratibu majini. Aliporudi kwenye jiwe alisema tu kwamba zamani angemchukua. Hakuwa akituonyesha kitu. Alikuwa ametoa mlo wa jioni wa nyumba yake.

Ni akina nani wanaoishi majini

Ili kuelewa hesabu aliyoipiga mzee, tuwafahamu samaki wenyewe.

Ngege wa jamii hii huzaana kwa utaratibu wa pekee. Dume huchimba shimo la duara kwenye maji ya kina kifupi. Maji yakiwa meupe unaweza kuyaona mashimo hayo kama sahani zilizopangwa. Jike hutaga humo, kisha huyachukua mayai kinywani na kukaa nayo humo hadi yaanguliwe. Hata baada ya kuanguliwa, vifaranga hurudi kinywani mwa mama wakiona hatari. Jambo hilo huchukua kama wiki mbili hadi tatu, na katika muda huo mama hali chochote au anakula kidogo sana. Ukimvua mama huyo umewavua na wote waliomo kinywani. Ukimrudisha bila ya mayai, hayo yamepotea, lakini yeye atataga tena. Kwa hiyo mzee hakuokoa mayai ya siku ile. Aliokoa ya mwezi ujao na ya mwezi unaofuata.

Kambare ni hodari wa kuvumilia. Ana kiungo maalumu juu ya mashavu yake kinachomwezesha kuvuta hewa, hivyo huishi kwenye madimbwi yenye tope ambamo samaki wengine wangekufa, na usiku wa mvua huweza kujiburuta juu ya nyasi kutoka dimbwi hadi dimbwi. Mvua kubwa zikija na mto ukipanua kingo zake, kambare huingia kwenye nyasi zilizofurika na kutaga huko. Jike mmoja mkubwa hutaga makumi ya maelfu ya mayai, lakini halindi hata moja. Anategemea wingi. Akizuiwa njiani kwa wavu uliotandazwa ng'ambo hadi ng'ambo, wingi huo haupo tena. Tahadhari ndogo kwa mvuvi: mapezi yake ya ubavuni yana miiba migumu inayochoma vibaya. Mshike nyuma ya kichwa, miiba ikiwa katikati ya vidole.

Mkunga wa mto ndiye msafiri mkuu. Mikunga wa maji baridi wanaopatikana katika mito inayomwaga Bahari ya Hindi huzaliwa baharini, mbali sana. Wataalamu wanaamini ni upande wa Madagaska. Huletwa na mikondo wakiwa wadogo na wepesi kama jani, hupanda mitoni, hukua humo kwa miaka mingi, kisha hurudi baharini kutaga mara moja na kufa. Samaki huyu hawezi kuzaana mtoni hata kidogo. Mdomo wa mto ukizibwa kwa nyavu, hakuna mkunga mpya atakayeingia.

Na kule mtoni unakokutana na bahari, kati ya mikoko ya Vanga, Jimbo na Kiwegu, maji ya chumvi huchanganyika na ya mto. Huko mizizi ya mikoko ni kitalu cha kamba, kaa, mkizi na samaki wengi wanaokuja kuvuliwa baharini wakishakua. Wakazi wa vijiji hivyo vitatu wanalijua vizuri jambo hili: tangu mwaka 2019 wanasimamia mradi wa kuhifadhi mikoko uitwao Vanga Blue Forest, unaouza hewa ukaa na kurudisha mapato kwa jamii. Mto ukiumia huku juu, kitalu kile nacho kinaumia.

Nini kinachoumaliza mto

Mvuvi mmoja mwenye mwanzi hawezi kuumaliza mto. Hata kumi hawawezi, wakichagua. Kinachoumaliza ni njia zisizochagua.

Ya kwanza ni chandarua. Mnamo saa nne, upande wa chini wa tulipokaa, kina mama watatu na watoto wao waliburuta chandarua kwenye maji ya kina kifupi. Walipokinyanyua, ndani mlikuwa na vifaranga vidogo kama punje za mchele, wengi wasiohesabika, na samaki mmoja tu wa kutosha kukaangwa. Hawakuwa wahalifu wa kujificha. Walitusalimu vizuri na kutukaribisha. Kwao ilikuwa kitoweo cha mchana. Lakini punje zile za mchele, zikiachwa miezi michache, zingekuwa vitoweo vya mtaa mzima. Isitoshe, vyandarua tunavyogawiwa vina dawa ya kuua mbu, na dawa za aina hiyo ni sumu kali kwa samaki. Na chandarua kilichoko mtoni hakipo kitandani: mtoto anayelala bila ya chandarua ili apate samaki wa kijiko kimoja amelipia samaki huyo kwa malaria.

Ya pili ni sumu. Wazee wetu waliujua utupa, mmea ambao majani yake yakipondwa na kumwagwa kwenye dimbwi huwalewesha samaki wakaelea. Leo wapo wanaotumia dawa za kuulia wadudu shambani, na hizo ni mbaya zaidi. Sumu haimjui mkubwa wala mdogo. Huua vifaranga, wadudu wa majini ambao ndio chakula cha samaki, na kaa. Kisha huteremka na maji hadi pale ambapo mwenzako anateka ya kunywa na ng'ombe wake wanakunywa. Samaki aliyekufa kwa dawa ya shamba si kitoweo. Ukiona samaki wengi wanaelea, usiokote. Piga ripoti.

Ya tatu ni nyavu za uzi mmoja wa nailoni na nyavu za kuziba mto wote. Wavu wa namna hiyo ukikatika na kupotea majini hauozi. Unaendelea kuvua na kuua peke yake, bila ya mwenyewe kufaidi.

Ya nne haihusu uvuvi moja kwa moja: kulima hadi ukingoni. Kanuni za mazingira za mwaka 2009 zinataka ukingo wa mto uachwe bila ya kulimwa wala kujengwa, si chini ya mita 6 na si zaidi ya mita 30 kutoka alama ya juu ya mafuriko, kulingana na upana wa mto. Miti ya ukingoni hushika udongo, hutia maji kivuli, na wadudu wanaoanguka kutoka kwenye majani yake ni chakula cha samaki.

Sheria inasemaje

Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, inaipa serikali ya kaunti jukumu la kilimo, na uvuvi umetajwa humo kama sehemu ya kilimo. Serikali ya kitaifa inabaki na sera na ulinzi wa rasilimali hizo. Ndiyo maana utawakuta maafisa wa uvuvi wa kaunti wakishirikiana na wale wa Huduma ya Uvuvi ya Kenya.

Sheria kuu ni ile ya Usimamizi na Ustawishaji wa Uvuvi ya mwaka 2016. Inakataza kuvua kwa sumu, kwa baruti na kwa umeme, katika maji yoyote, baharini, ziwani au mtoni. Nyavu za uzi mmoja wa nailoni nazo haziruhusiwi. Leseni inahitajika kwa uvuvi wa kuuza na kwa uvuvi wa burudani. Kabla ya kununua vifaa au kumleta mgeni wako kuvua, pitia ofisi ya uvuvi ya kaunti ndogo ya Lunga Lunga uelezwe unachohitaji. Kuuliza hakulipiwi.

Kanuni za mwaka 2007 ziliwapa wavuvi wenyewe uwezo wa kujiunga katika vikundi vya usimamizi wa ufuo, ambavyo wengi mnavijua kama BMU. Wenzetu wa pwani wamezoea vikundi hivyo: huandikisha wavuvi na vyombo, huamua mipaka ya kuvua, na hukubaliana sehemu za kupumzisha. Wavuvi wa mto mara nyingi wamebaki nje ya mpango huo kwa kuwa kila mmoja huja na mwanzi wake na kuondoka. Bila ya umoja, mwenye busara anarudisha ngege mwenye mayai asubuhi, na asiyejua anamvua tena alasiri.

Wengine wamefanyaje

Kupumzisha maji si jambo geni. Katika Ziwa Victoria upande wa Kenya, uvuvi wa omena husimamishwa kila mwaka kuanzia Aprili 1 hadi Julai 31. Ziwa Naivasha, samaki walipopungua kupita kiasi, uvuvi ulifungwa mwaka 2001 ili ziwa lipate kurudi. Huko Kuruwitu, kaunti ya Kilifi, wanakijiji walitenga sehemu ya bahari yao katikati ya miaka ya 2000 wakaiita tengefu, neno letu wenyewe la Kiswahili, na leo tengefu zimeenea pwani.

Mbali zaidi, Uingereza ina mamilioni ya watu wanaopenda kuvua mtoni kwa ndoano, wengi wao kwa burudani. Katika mito ya Uingereza hairuhusiwi kuvua samaki wa kawaida wa mtoni kuanzia Machi 15 hadi Juni 15, wakati wa kuzaana. Msimu ukifunguliwa, mvuvi hushinda kutwa, hupima samaki wake, humpiga picha, kisha humrudisha. Hatusemi mkazi wa Lunga Lunga mwenye njaa ampige ngege picha na kumwacha aende. Hali zetu ni tofauti. Tunachosema ni kwamba mto unaovuliwa na watu wengi unaweza kudumu, iwapo wanaouvua wanakubaliana kanuni chache na kuzifuata wote.

Usalama wako kwanza

Mamba. Mto Umba una mamba, na sehemu nyingine viboko. Simama mbali kidogo na ukingo, angalau hatua tatu. Usitumie mahali palepale kwa saa ileile kila siku, kwani mamba huchunguza mazoea. Usimpasue samaki na kuoshea damu mtoni ulipokaa. Usivue gizani. Watoto wasiende peke yao. Chini ya Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013, mtu aliyejeruhiwa na mamba au familia ya aliyeuawa ina haki ya kudai fidia, ambayo kwa kifo sheria imeiweka kuwa shilingi milioni 5. Ripoti mapema kwa Huduma ya Wanyamapori, kituo cha polisi na hospitali, na utunze karatasi zote.

Kichocho. Ugonjwa huu umeisumbua Kwale kwa miaka mingi. Vijidudu vyake hutoka kwenye konokono wadogo wa maji yaliyotulia, hupenya ngozi, na dalili maarufu ni damu kwenye mkojo. Hutoka kwa wingi zaidi jua linapokuwa kali, kuanzia asubuhi ya mwisho hadi mchana. Vaa mabuti ya mpira, usisimame ndani ya maji yaliyotuama, na usikojoe mtoni wala pembeni yake, maana mkojo wa mgonjwa ndio unaoendeleza mzunguko huo. Ukiona damu usione haya: tembe za prazikwanteli hutibu, na vituo vyetu vya afya vitakupima.

Mafuriko. Ukiona maji yamebadilika rangi ghafla, yamebeba vijiti na majani, au sauti ya mto imebadilika, kusanya vifaa na upande juu. Usivuke kwa miguu kuokoa ndoano. Ndugu zetu wa Vanga, Jego na Kiwegu wanajua jinsi Umba unavyoweza kuvunja kingo zake.

Mpaka. Mto huu ni wa nchi mbili. Kumfuata samaki hadi ng'ambo ni kuvuka mpaka na kuvua chini ya sheria za nchi nyingine. Anayetaka kuvuka apite kituo cha pamoja cha Lunga Lunga na Horohoro.

Mambo sita ya kufanya kuanzia sasa

1. Samaki mdogo kuliko kiganja chako arudi majini. Lowesha mikono kabla ya kumshika ili usimtoe ute unaomkinga na magonjwa.

2. Ngege mwenye mayai au vifaranga kinywani arudi palepale, taratibu, bila ya kurushwa.

3. Bana kijino cha ndoano kwa koleo. Ndoano isiyo na kijino hutoka upesi na haimchani samaki.

4. Chandarua kibaki kitandani. Kilichochanika kinaweza kufunika kitalu cha mboga, mbali na maji.

5. Ukiwa na bwawa la kufugia samaki, usimwage samaki wake mtoni. Tilapia wa kufugwa wengi ni wa asili ya maeneo mengine, na wakichanganyika na ngege wetu wa asili huzaana nao na kuwapoteza.

6. Ukiona sumu, baruti au nyavu za kuziba mto, mwambie afisa wa uvuvi, chifu au mzee wa mtaa. Usipambane na mtu peke yako.

La saba si la mtu mmoja. Mikutano ya wadi ya kutoa maoni kuhusu mipango na bajeti ya kaunti ipo kwa ajili yenu. Wavuvi wa mto, wenye mashamba ya kingoni na kina mama wanaoteka maji wakifika pamoja na kusema wanataka mabwawa fulani ya mto yapumzishwe wakati wa masika, au wanataka kusaidiwa kuunda kikundi chao, hilo linaingia kwenye kumbukumbu na linaweza kufuatiliwa. Wasipofika, litaingia la waliofika.

Tuliondoka saa kumi na moja na nusu jioni. Mzee alikuwa na ngege watatu na kambare mmoja wa wastani aliyempata alasiri chini ya mti ulioanguka. Alisema mke wake angemwosha kambare huyo kwa majivu na ndimu kuondoa utelezi, kisha ampike kwa nazi. Mvulana alikuwa amekwisha kuwarudisha wale samaki wake wawili wa kopo la rangi mtoni, bila ya kuambiwa na mtu. Alituuliza watachukua muda gani kuwa wakubwa. Tulimjibu kwamba itategemea watakaokuja mtoni kesho.